Zilizala na Maskani za Eastlands

Alasiri ya tarehe 17 Julai 2007, makarani wa Nairobi walipokuwa wakikusanya karatasi zao tayari kufunga afisi, sakafu za majumba marefu ya katikati ya mji zilitikisika, taa zikayumba, na watu wakamiminika ngazini kuteremka barabarani, wakasimama wakitazama juu kwenye kuta ambazo hawakupata kuzitilia shaka tangu siku ya kuajiriwa kwao. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetema, mara kwa nguvu na mara kwa uchache, na fununu zikazagaa mjini kuwa zilizala kubwa imo njiani. Kisha mitetemo ikapungua, watu wakarejea kazini, na kabla mwaka uliofuata haujaingia, nchi ilikuwa imefikwa na msiba wa uchaguzi uliomwaga damu, na hapana aliyekuwa na wasaa tena wa kukumbuka jambo lililotikisa vikombe vya chai mwezi wa Julai.

Chanzo chake kilijulikana. Chini ya Mlima Gelai, ulio kando ya Ziwa Natron katika nchi ya Tanzania, umbali upatao kilomita 180 kutoka Nairobi, mwamba ulioyeyuka ulikuwa ukijipenyeza katika nyufa za chini kwa chini na kuzitanua, na kila ulipozitanua, ardhi iliyo juu yake ilishtuka. Tetemeko lililokuwa kubwa kuliko yote katika mfululizo ule lilifikia ukubwa wa 5.9, na mwezi wa Septemba volkano jirani ya Ol Doinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa ukali. Katika hesabu ya dunia, iliyozoea habari za Japani, Chile na Indonesia, tetemeko la kadiri hiyo ni dogo. Lakini Nairobi ililisikia barabara, na Bonde la Ufa halianzii Natron wala haliishii Natron: linapita magharibi ya mji wetu, nyuma ya vilima vya Ngong, likiwa na volkano za Suswa na Longonot ndani yake, kisha linapanda kaskazini kupitia Naivasha na Nakuru hata Turkana.

Mji wa Nairobi, basi, hauko juu ya mpaka mkuu wa mabamba ya dunia kama ulivyo mji wa Tokyo, ambako watoto wa shule hufundishwa kujikinga chini ya madawati. Mipaka mikuu iliyo karibu zaidi nasi iko mbali, chini ya Ghuba ya Aden na Bahari ya Hindi. Sisi tumekaa juu ya bara lililoanza kupasuka lakini halijapasuka, bamba la Nubia likivutwa magharibi na bamba la Somalia likivutwa mashariki kwa mwendo wa milimita chache kila mwaka, na Nairobi imeketi begani mwa ufa huo, wala haimo bondeni. Mkazi wa Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands upande wa mashariki wa mji, akipanda juu ya paa asubuhi isiyo na mawingu, aona upande wa magharibi vilima vya Ngong, ambavyo ni mabaki ya volkano iliyokatwa, nusu yake ya magharibi ikazama bondeni. Na akigeuka kaskazini-mashariki aona Kilimambogo, ambako pana kituo cha mitambo ya kuisikiliza ardhi, kimojawapo cha vile vilivyowekwa duniani kote chini ya mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia. Ardhi ya Kenya inasikilizwa usiku na mchana. Wasioisikiliza ni wale wanaoipandishia majumba.

Mahali pa namna hii hatari yake ina tabia ya pekee, nayo ndiyo inayoifanya iwe ngumu kuihubiri. Nguvu hukusanyika polepole mno, kizazi hupita na kizazi cha pili hupita, wazee hawana la kuwasimulia vijana, na kwa kuwa hapana simulizi, hapana hadhari. Watu hudhani kuwa jambo lisilotokea katika umri wa baba zao haliwezi kutokea kamwe, ilhali umri wa baba zao ni kitu kidogo sana mbele ya umri wa ufa.

Hapa Kenya tunayo simulizi moja, nayo yafaa isomwe katika kila shule. Usiku wa tarehe 6 Januari 1928, ardhi ya bonde la Subukia, zaidi ya kilomita 150 kutoka Nairobi, ilipasuka kando ya genge la Laikipia na Marmanet kwa urefu uliozidi kilomita 30, tetemeko likafikia ukubwa wa 6.9, nyumba zikaanguka, na mtikisiko ukasikika katika sehemu kubwa ya nchi. Mhandisi Nicholas Ambraseys, aliyetumia umri wake kufukua habari za matetemeko yaliyosahauliwa, alilirudia tukio lile katika utafiti alioutangaza mwaka 1991, akilitumia kupima hatari ya Bonde zima. Hilo ndilo tetemeko kubwa kuliko yote tunayoyajua kwa hakika katika ardhi ya Kenya. Lilitokea wakati Nairobi ilikuwa mji mdogo wa reli wenye nyumba nyingi za mabati na mbao, na Eastlands ilikuwa Pumwani na mbuga tupu. Ndiyo maana halikuacha kovu katika kumbukumbu za mji.

Majirani zetu wameonjeshwa zaidi. Rukwa ilitikiswa mwezi wa Disemba 1910 kwa tetemeko la ukubwa wa 7.4, Toro katika Uganda mwezi wa Machi 1966 kwa tetemeko lililoua watu zaidi ya mia, na Ziwa Tanganyika karibu na Kalemie tarehe 5 Disemba 2005 kwa tetemeko la 6.8 ambalo lilihisiwa hata hapa Nairobi, kutoka umbali ambao gari haliwezi kuumaliza kwa siku moja. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko lingine lilitokea chini ya bahari karibu na Dar es Salaam, nalo pia lilifika Nairobi, likawayumbisha wakaao ghorofa za juu. Na kwa kuwa ilikuwa saa mbili na kitu, na amri ya kutotoka nje kwa ajili ya korona ilianza saa tatu, waliokimbilia nje walikuwa na muda usiotimia saa nzima wa kuamua kama nyumba zao zafaa kurudiwa. Wote walirudi. Pengine pa kwenda hapakuwapo.

Hapa nitasema neno juu ya ule mfereji uliofunguka karibu na Mai Mahiu mwezi wa Machi 2018, ukakata barabara na kuleta waandishi wa habari kutoka pembe zote za dunia kupiga picha za Afrika inayogawanyika. Mfereji ule, kwa maelezo ya wanajiolojia wengi, ulichimbwa na maji ya mvua kubwa yaliyosomba majivu laini ya volkano ya kale. Haukuwa ufa uliofumka siku ile. Watu walitishwa na lisilo lenyewe, na walipoambiwa kuwa si lenyewe, wakalitupa lote, la kweli na la uzushi pamoja. Tisho la bure lina madhara yake: humfanya msikilizaji kuwa kiziwi siku ya habari ya haki.

Mfano unaotufaa zaidi kuliko picha ile uko ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, mji wa Bukoba katika mkoa wa Kagera, mji ambao wenyeji wake hawakuwa wakiishi kwa kuogopa zilizala, ulipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, sawa na lile la Gelai lililotutoa afisini. Watu zaidi ya kumi na tano walifariki, mamia wakajeruhiwa, nyumba mamia zikaanguka chini, na shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa. Tetemeko ni lile lile kwa kipimo; tofauti ni kwamba moja lilitokea chini ya mlima usio na mji na la pili likatokea chini ya maskani ya watu. Basi mwenye kuuliza kama Nairobi yaweza kufikwa na tetemeko kubwa huuliza nusu ya suala tu, na nusu iliyo nyepesi. Nusu iliyobaki ni hii: tetemeko la wastani, la namna ambayo Bonde hili limekwisha kutoa mara nyingi na litatoa tena, likitokea karibu kidogo kuliko lilivyotokea mwaka 2007, litazikuta nyumba za aina gani?

Kwa kujibu suala hilo hatuna budi kuitembea Eastlands na kuisoma kwa tarehe zake. Mitaa ya zamani, Kaloleni ya miaka ya 1940, Shauri Moyo, Ziwani, Bahati, Ofafa na Mbotela zilizopewa majina ya madiwani waliouawa wakati wa hali ya hatari, ni mitaa ya nyumba za chini, nyingi zikiwa hazizidi ghorofa moja au mbili, zenye nafasi za nyasi kati yake, ambamo watu wakitishika waweza kutoka nje kwa hatua chache na kusimama mahali pasipo kuta. Nyumba zile ni kuukuu, mabomba yake yamechakaa, na mtu wa kisasa huzidharau. Walakini, kwa habari ya zilizala, anayelala Kaloleni yuko salama zaidi kuliko anayelala katika jengo jipya la marumaru umbali wa dakika chache kwa matatu.

Miaka ya 1970 ikaleta fikra nyingine. Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipimwa viwanja vyenye choo na bomba, na mwenye kiwanja akaachiwa kujijengea vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Umoja ikajengwa kwa msaada wa Marekani, na katika sehemu yake iitwayo Innercore nyumba zilijengwa ndogo za chini, kiini cha kuanzia, ili familia iongeze chumba kila ipatapo wasaa. Lilikuwa wazo jema, lenye kumheshimu mtu wa mshahara mdogo. Lakini mji ulikua kuliko hesabu ya waliouchora, kodi ikawa tamu kuliko bustani, na viwanja vikauzwa na kuuzwa tena, hata mahali palipokusudiwa nyumba moja ya familia moja pakasimama ghorofa sita, saba, nane, chumba kwa chumba, ukuta ukigusa ukuta wa jirani, na misingi mingine ikiwa ni ile ile iliyochimbwa kwa ajili ya vyumba vya chini. Huruma, Kayole, Mathare North, Pipeline na Tassia zikafuata njia hiyo hiyo, nyingine bila hata ya kiini. Mtafiti Marie Huchzermeyer, aliyeilinganisha Nairobi na Berlin ya karne ya kumi na tisa katika kitabu alichokitoa mwaka 2011, ameeleza kuwa hapa petu msongamano wa majumba ya kupanga umekuwa mkubwa mno. Anayetaka ushahidi asipekue vitabu. Aingie Pipeline saa sita za mchana, aone taa zikiwaka vyumbani kwa kuwa jua haliwezi kuteremka mpaka chini.

Chini ya haya yote uko udongo mweusi, ule unaoshika viatu wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi. Upande wa magharibi wa mji, Kilimani na Lavington, aghalabu ni udongo mwekundu unaojulikana na mafundi kwa ukarimu wake. Mashariki ni mweusi, unaofura kwa maji na kusinyaa kwa jua, na kwa hiyo huisukuma misingi juu na kuiacha ikining'inia, mwaka baada ya mwaka, bila ya tetemeko lolote. Chini yake, mahali pengine kwa kina kidogo na mahali pengine kwa kina kirefu, uko mwamba mgumu wa volkano. Mhandisi mwaminifu huamuru udongo mweusi wote uzolewe mpaka mwamba uonekane, na mwenye haraka huuacha na kumwaga jiwe juu yake. Na ilimu ya matetemeko imekwisha kuthibitisha kuwa udongo laini hukuza mtikisiko uliofika kutoka mwambani: mji wa Mexico, tarehe 19 Septemba 1985, ulibomolewa na tetemeko lililotokea zaidi ya kilomita 300 mbali, kwa sababu katikati ya mji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Udongo wetu si mrefu kama tope lile, wala sidai kuwa Kayole ni Mexico. Nasema tu kwamba jengo lililosimama juu ya udongo mweusi lina deni ambalo jengo lililosimama juu ya mwamba halina.

Sasa nije kwenye nguzo, maana hapo ndipo maisha ya wapangaji yalipo. Nyumba yoyote, hata mbovu, hujengwa ichukue uzito unaoelekea chini, wa vitanda, kuta na watu. Tetemeko huisukuma kando, huku na huku, mara nyingi kwa sekunde chache, na nguzo ambayo ilikuwa ikibeba tu hulazimishwa kupinda. Ndani ya nguzo vyuma virefu vya kusimama hushikwa na vyuma vyembamba vilivyopindwa mraba, ambavyo mafundi wetu huviita ringi. Kazi ya ringi ni kuifunga zege iliyo ndani isipasuke ikatoka, kama ukanda wa chuma unavyozuia mbao za pipa zisitawanyike. Ringi zikiwa karibu karibu, hasa pale nguzo inapokutana na sakafu, nguzo yaweza kupasuka ngozi yake ya nje na ikaendelea kubeba. Zikiwa mbali mbali, nguzo hufumuka mara moja.

Niliwahi kusimama katika mjengo mmoja wa upande wa Kayole nikimtazama fundi wa vyuma akipinda ringi juu ya ubao wenye misumari minene, chuma cha milimita 8, mkono mmoja kwenye bomba la kupindia na mwingine ukishika ncha, upesi na kwa ustadi wa mtu aliyepinda maelfu. Kila alipomaliza mraba, zile ncha mbili alizikutanisha pembeni na kuzipinda pembe mraba tu, zikabaki zimelala kando ya chuma kikubwa. Nikamwuliza kwa nini hazipindi zaidi, ziingie ndani kuelekea katikati ya nguzo.

"Najua unachosema, mzee," akanijibu bila kuacha kazi. "Ile ya kuingia ndani ndiyo inashika. Lakini inakula chuma na inakula wakati, na sisi hapa tunalipwa kwa nguzo."

"Na nafasi kati ya ringi na ringi, fundi?"

"Mchoro ulisema inchi nne pale juu na chini. Mwenye ploti akasema tuweke nane kote, eti hiyo ingine ni ya mabenki."

Hakuyasema kwa kiburi wala kwa aibu. Aliyasema kama mtu anayeeleza bei ya mchele. Alijua lililo sawa na aliyemwajiri alijua pia, na tofauti kati ya ncha iliyopindwa kwa ndani na ncha iliyolala nje ni urefu wa kidole kimoja cha chuma. Ncha iliyolala nje hushikwa na ule unene mdogo wa zege wa juu tu, na unene huo ndio unaobanduka kwanza nguzo ikitikiswa. Ukibanduka, ringi hufunguka, na kuanzia hapo nguzo haina kitu. Ningependa kila mwenye ploti wa Eastlands asimamishwe mbele ya ubao ule wenye misumari, aonyeshwe kidole kile cha chuma, kisha aulizwe ni shilingi ngapi aliziokoa katika jengo linalomwingizia kodi kila mwezi.

Zipo taksiri nyingine, na mkazi yeyote aweza kuziona bila ya kuwa mhandisi. Ghorofa ya chini hufanywa maduka, kinyozi, bucha, M-Pesa na hoteli ya chapati, na ili maduka yapate mlango mpana kuta hubomolewa au hazijengwi kabisa, jengo zima likabaki limesimama juu ya miguu ya nguzo tupu huku ghorofa za juu zikiwa zimejaa kuta za mawe mazito ya Ndarugo. Ghorofa ya kwanza hutokezwa nje ya mstari wa nguzo, ikaning'inia juu ya barabara ili chumba kipate futi tatu zaidi. Juu ya paa hupangwa matangi, kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, na tangi moja la lita 10,000 likijaa huwa na uzito wa tani 10, uliowekwa pale hasa ambapo mtikisiko huwa mkubwa zaidi. Ngazi ni moja, nyembamba, yenye giza, na madirisha yamefungwa vyuma kwa kuogopa wezi.

Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo la Gujarat katika Uhindi, ulikuwa na majengo ya mfano huo, ghorofa za chini zikiwa nguzo tupu kwa ajili ya kuegesha magari, na ulikuwa mbali na kingo za mabamba kama tulivyo sisi. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ukubwa wa 7.7 lilitokea upande wa Bhuj, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ahmedabad, likaua watu wapatao 20,000 katika jimbo lile. Na katika mji ule wa mbali, majengo makumi ya ghorofa yalianguka huku mengine yaliyo jirani nayo yakibaki yamesimama. Wako Nairobi watu wengi wenye asili ya Kutch, huko huko upande wa Bhuj, ambao jamaa zao walikuwa chini ya kifusi siku ile, na wao hawahitaji kuelezwa maana ya ghorofa ya chini isiyo na kuta.

Nasi hatukungoja tetemeko. Makongeni mwezi wa Disemba 2014, Huruma mwezi wa Januari 2015, Huruma tena, Kware Pipeline mwezi wa Juni 2017, Tassia mwezi wa Disemba 2019: majengo ya watu yameanguka yenyewe, kwa uzito wake yenyewe. Lile la Huruma la tarehe 29 Aprili 2016, ghorofa sita kando ya mto, lilianguka usiku wa Ijumaa ya mvua kubwa, watu wapatao 50 wakafariki, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa ikisikiliza habari za waliokuwa wakifukua. Mtoto mchanga alitolewa hai baada ya siku tatu na zaidi, na mwanamke mmoja baada ya takriban siku sita. Jengo lile lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Ukaguzi ulioamriwa na Rais mwaka mmoja kabla yake ulikuwa umekwisha kusema kuwa zaidi ya nusu ya majengo yaliyotazamwa Nairobi hayafai kukaliwa. Na katika kifusi kimoja cha Huruma walifanya kazi wanajeshi, Msalaba Mwekundu, vijana wa Huduma ya Taifa na majirani kwa mikono yao, kwa siku nyingi. Mwenye akili na ahesabu: kama kifusi kimoja kilichukua hayo yote, vifusi ishirini katika dakika moja vingechukuliwa na nani?

Sheria hazikukosekana. Kenya ilikuwa na kanuni za ujenzi tangu 1968, na mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo maalumu wa kujenga kwa kujihadhari na matetemeko, pamoja na ramani iliyogawa nchi kwa kadiri ya mtikisiko unaotazamiwa. Waliouandika walikuwa wametangulia nchi nyingi za bara hili. Siku hizi iko Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iko Bodi ya Wahandisi, na ziko Kanuni mpya za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika mwaka 2025. Yaliyoandikwa ni mazuri. Lakini kati ya karatasi na ule ubao wenye misumari pana watu wengi, na kila mmoja anacho cha kupokea ili asitazame. Na mpangaji, ambaye peke yake ndiye atakayelala chini ya ile nguzo, hajaulizwa neno hata mara moja.

Nimesikia watu wema wakisema kuwa zilizala ni amri ya Mungu na hapana mja awezaye kuizuia. Kuizuia hapana awezaye, kweli. Lakini idadi ya mifuko ya saruji katika zege huamuliwa na mtu, na debe la maji linalozidishwa ili zege iwe nyepesi kubebwa kwa karai humwagwa na mtu, na siku saba za kuilowesha zege hufanywa siku mbili na mtu anayekimbilia kupokea kodi ya mwezi ujao. Sioni dini inayomruhusu mtu huyo kumtwika Mola mzigo wake. Wengine husema kuwa Eastlands ina njaa, ina mafuriko, ina ukosefu wa kazi, na kuisumbua kwa jambo la nadra ni kuidhulumu. Ningekubali kama dawa ya tetemeko ingekuwa tofauti na dawa ya maanguko tuliyokwisha kuyaona. Walakini nguzo itakayosimama siku ya zilizala ndiyo hiyo hiyo itakayosimama usiku wa mvua, na fedha zitakazotumika kwa hili zitakuwa zimetumika kwa lile.

Kubomoa kila kitu ni muhali, na tena ni ukatili, kwa kuwa wanaobomolewa huhamia chumba kibaya zaidi mtaa wa pili. Yako mambo ya kuanzia. Majengo ya kutazamwa kwanza ni yale yenye maduka chini na ghorofa tano au zaidi juu yake, yaliyo kando ya Mto Mathare pale Huruma na kando ya Mto Ngong kuelekea Pipeline na Tassia, na miongoni mwa hayo yatangulie yale yenye shule za chekechea ndani yake. Iko nyundo ndogo ya kupimia ugumu wa zege ambayo mwanafunzi wa uhandisi aweza kufundishwa kuitumia, na vyuo vyetu vimejaa wanafunzi wanaotafuta mahali pa mazoezi. Nguzo dhaifu za ghorofa ya chini zaweza kuvikwa zege mpya na ringi za kutosha wapangaji wakiwa bado juu, kazi ambayo mafundi wa Kayole wangeimudu wakielekezwa mara moja. Ukuta uliobomolewa waweza kurudishwa, na duka likapungua upana. Matangi yaweza kuteremshwa chini na pampu ikapandisha maji. Kisha matokeo ya kila jengo yabandikwe mahali palipo wazi, kwenye afisi ya chifu wa lokesheni, kwa Kiswahili, jina la jengo na hali ya nguzo zake, ili mama anayekuja na watoto wake na godoro lake mwisho wa mwezi asome kabla hajamlipa mwenye ploti amana yake, na akiona jengo halifai, avuke barabara akaulize jingine.